Sikio Lilipima Mwinamo Kabla ya Kusikia

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wazazi na walimu wa watoto viziwi pamoja na wahudumu wa afya. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu wazazi, walimu, wauguzi na madaktari. Nanyi vijana viziwi mlioketi safu za mbele pamoja na wakalimani wenu: shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu kwa moyo.

Naomba wanaosikia wafumbe macho. Ninyi mnaomtazama mkalimani, yabakisheni wazi, jaribio hili mtalifanya nyumbani. Sasa inamisheni kichwa upande wa kushoto, kidogo tu. Fumbueni. Je, kuna aliyeshindwa kujua kichwa chake kimeelekea wapi? Hakuna. Hamkuona kitu, lakini mlijua. Nani aliwaambia?

Aliyewaambia ni sikio. Jambo nililokuja kulisema leo ni kwamba sikio halikuanza kwa kusikia. Lilianza kwa kupima mwinamo na mwendo, na baadhi ya jeni zinazolijenga ni za kale kuliko mifupa. Kwa hiyo mtoto anapogunduliwa kuwa kiziwi, yapo maswali mawili. La kwanza tunalijua sote: anasikia kiasi gani? La pili ni hili: msawazo wake ukoje? Swali hilo la pili huachwa. Huachwa kliniki, huachwa shuleni, huachwa nyumbani. Nataka tukitoka hapa lisiachwe tena.

Twende kwanza Vienna, mwaka 1893. Alois Kreidl anachunguza kamba wa baharini. Kwenye mashina ya vipapasio vyake vifupi kamba ana vifuko viwili, na ndani ya kila kifuko mna punje za mchanga zilizolala juu ya vinywele vyenye neva. Kamba akiinama, punje zinaelemea vinywele vya upande mmoja, neva zinapeleka habari, miguu inarekebisha. Lakini kamba hujivua gamba, na akijivua gamba huvua pia utando wa ndani wa kile kifuko, mchanga ukatoka nao. Inambidi aingize punje mpya. Kreidl akawaweka kamba waliokaribia kujivua gamba katika chombo kisicho na mchanga hata chembe. Alichowawekea ni unga wa chuma. Kamba wakajivua gamba, wakaokota chuma, wakakitia kwenye vifuko. Kisha akaleta sumaku juu yao.

Ndugu zangu, kamba walifanya nini? Walipinduka! Tumbo juu, mgongo chini. Kwa kamba, chini ni kule mawe yanakovutwa.

Ndani ya sikio lako mna kifaa kama hicho. Kila upande una vifuko viwili vyenye maelfu ya vijiwe vya kalisi kaboneti, kila kimoja kina upana wa mikroni chache tu, vimelala juu ya utando laini unaofunika seli za vinywele. Yule konyeza wa baharini, ambaye hana ubongo kabisa, naye ana vijiwe pembezoni mwa mwavuli wake, ila vyake ni vya kalisi salfeti. Malighafi ni tofauti, mpango ni uleule: kitu kizito juu ya kinywele chepesi. Mwaka 1991 chombo cha Marekani kiitwacho Columbia kilibeba konyeza wachanga kwenda angani, wakakulia mahali pasipohisiwa uzito. Waliporudishwa duniani, wengi wao kuliko wenzao waliobaki chini walikuwa na kasoro katika mapigo ya kuogelea. Mawe walikuwa nayo. Tafsiri ninayoiona kuwa na nguvu zaidi ni kwamba kuwa na kifaa hakutoshi. Neva zinahitaji kukua huku zikikitumia. Likumbukeni hilo tutakapofika kwenye mazoezi ya watoto.

Sasa mtaniuliza: je, sisi tumerithi kifaa hiki kutoka kwa babu mmoja na kamba, au kila ukoo umejitengenezea wake? Jibu lina sehemu mbili. Mawe na vifuko vimebuniwa zaidi ya mara moja. Lakini amri inayosema "hapa iote seli ya kuhisi mtikisiko" ni ya kale mno, na tunajua hivyo kwa sababu ya kazi iliyofanywa Houston, Marekani, katika maabara za Huda Zoghbi na Hugo Bellen.

Inzi wa matunda ana jeni iitwayo atonal. Bila jeni hiyo, inzi hapati viungo vyake vya kuhisi mnyooko na mtikisiko, kikiwamo kile kilichomo kwenye kipapasio, ambacho humwambia sauti na mvuto wa dunia. Panya ana jeni ya ukoo huohuo, iitwayo Math1, na ile ya binadamu huandikwa ATOH1. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba panya asiye na jeni hiyo haoti seli hata moja ya vinywele katika sikio la ndani, si za kusikia, si za msawazo. Mwaka uliofuata jeni ya panya ikatiwa ndani ya inzi aliyekosa yake: viungo vikarudi. Mwaka 2002 wakageuza, wakaiweka jeni ya inzi mahali pa ile ya panya. Panya ambao kwa kawaida wangekufa mara baada ya kuzaliwa waliishi, na seli za vinywele zikaota.

Tafakarini hapo. Inzi na panya waliachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kwa muda wote huo amri ile haijabadilika kiasi cha kushindwa kusomwa upande wa pili. Kilichobadilika ni kinachojengwa baada ya amri kutolewa.

Na katika ukoo wetu, wa wanyama wenye uti wa mgongo, kilichojengwa ni mifereji. Mbali na vile vifuko vya mawe, kila sikio la ndani lina mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, kila mmoja ukielekea upande wake, ili mzunguko wowote wa kichwa ukamatwe na angalau mfereji mmoja. Ndani yake mna majimaji. Zungusha kikombe cha maji ghafla: kikombe kinakwenda, maji yanabaki nyuma. Hivyo ndivyo mfereji unavyofanya kazi. Majimaji yanayobaki nyuma yanasukuma kizibo laini, kizibo kinapinda vinywele, na kwa muda usiofika hata milisekunde 10 macho yanakuwa yameanza kuzunguka kinyume ili picha isitikisike. Ndiyo maana unaweza kusoma kibao cha barabarani huku unatembea.

Samaki wasio na taya hawana mifereji mitatu: lampirei ana miwili, na jamaa yake yule anayetoa ute mwingi ana mmoja. Mfereji wa tatu, ule wa mlalo, ulikuja na samaki wenye taya. Panya akikosa jeni ya Otx1, mfereji huo wa mlalo haujengeki, na mingine miwili inabaki. Kwa miaka mingi ilionekana hadithi imekamilika: jeni moja, mfereji mmoja. Baadaye ikaonekana kwamba hata samaki wasio na taya wanaiwasha Otx1 katika sikio linalokua. Basi jeni ilikuwapo kabla ya mfereji! Msidanganyike na vichwa vya habari vinavyosema "jeni ya kitu fulani imepatikana". Mara nyingi jeni ilikuwa na kazi nyingine, ikapewa kazi mpya.

Ukubwa wa mifereji nao una sheria zake, na sheria hizo hazimjali mtu. Katika misitu ya mashariki ya Brazili kuna vyura wa jenasi Brachycephalus, wenye urefu wa takriban sentimita moja tu. Wanaruka vizuri, lakini wanatua vibaya ajabu: wanabiringika hewani na kuanguka kwa mgongo, kwa kichwa, kwa ubavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulieleza sababu. Mifereji yao ni midogo kupita kiasi. Bomba likiwa jembamba mno, ukinzani wa majimaji dhidi ya kuta zake hupanda kwa kasi kubwa, majimaji hayabaki nyuma vya kutosha, vinywele havipindwi. Chura yuko hewani, anazunguka, na sikio lake haliwezi kumwambia.

Nyangumi amefikia udogo kwa njia nyingine. Kwa kulinganisha na mwili wake, mifereji yake ni midogo kuliko ya karibu kila mamalia, na masalia ya nyangumi wa kale yanaonyesha kwamba ilipungua mapema, walipoanza kuishi majini, takriban miaka milioni 45 iliyopita. Shingo ya nyangumi ni fupi na ngumu, kwa hiyo kila msukosuko wa mwili unafika kichwani moja kwa moja. Sikio kali mno lingemlevya.

Na binadamu je? Mwaka 1994 Fred Spoor na wenzake walipiga picha za eksirei za tabaka kwa tabaka mafuvu ya mababu wa kale, wakapima mifereji iliyomo ndani ya mfupa. Homo erectus alikuwa na mifereji kama yetu: ile miwili ya wima mikubwa, ule wa mlalo mdogo. Australopithekasi, wa kale zaidi, alikuwa na mifereji ya kufanana na ya sokwe. Lakini nyayo za Laetoli, Tanzania, zina zaidi ya miaka milioni 3.6, na aliyeziacha, ambaye hudhaniwa kuwa Australopithekasi, alitembea wima kwa miguu miwili. Kwa hiyo kusimama wima peke yake hakukubadilisha mifereji. Inaelekea kilichoibadilisha ni mwendo mkali zaidi, kukimbia na kurukaruka ardhini, ambako kichwa hutikiswa mbele na nyuma kwa nguvu.

Sasa tuje kwa watoto wetu.

Mwaka 1882 William James, wa Harvard, alichapisha jaribio ambalo lingeweza kufanywa na mtu yeyote mwenye subira. Aliwazungusha watu na kuuliza nani amepata kizunguzungu. Katika wanafunzi na walimu wapatao 200 wa Harvard, mmoja tu hakupata. Katika viziwi 519, waliosema hawakupata kizunguzungu hata kidogo walikuwa 186. Zaidi ya theluthi moja! Jibu lilikuwa wazi tangu wakati ule: kwa viziwi wengi, kilichoharibika hakikuwa kusikia peke yake.

Kwa nini wengine na si wote? Hapa jeni zinaeleza vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Kuna panya ambao wafugaji na wanasayansi wamewajua kwa muda mrefu, wanaozungukazunguka na kutikisa kichwa bila kukoma. Panya hao ni viziwi. Mwaka 1995 aina mojawapo ilipatikana kuwa na hitilafu katika jeni ya Myo7a, na mwaka huohuo hitilafu ya jeni hiyohiyo ikapatikana kwa binadamu wenye ugonjwa wa Usher wa aina ya kwanza, ugonjwa wa kurithi unaoharibu kusikia na kuona. Vinywele vya seli vimepangwa kwa ngazi, vifupi hadi virefu, na ncha ya kila kifupi imefungwa kwa uzi mwembamba kwenye ubavu wa kile kirefu kilicho jirani. Uzi huo ni protini mbili zilizoshikana, kadherini 23 na protokadherini 15. Vinywele vikipinda, uzi unakazika, mlango unafunguka, chaji za umeme zinaingia. Protini ya MYO7A, inayotokana na jeni ile ya Myo7a, ni miongoni mwa zinazoushikilia mpangilio huo. Jeni ya protini yoyote kati ya hizo tatu ikiharibika kabisa, uzi hauvuti vizuri, na seli ya kusikia na seli ya msawazo zote hunyamaza, kwa sababu zote mbili zinautumia uzi uleule.

Mlango wenyewe ni hadithi nyingine. Unajengwa na protini za TMC1 na TMC2. Panya anapozaliwa anazo zote mbili, lakini siku chache baadaye seli za kusikia huzima TMC2, ilhali seli za msawazo huendelea kuitumia. Basi anayekosa TMC1 peke yake anakuwa kiziwi huku anatembea barabara, kwa sababu kiungo cha msawazo kimebaki na akiba. Anayekosa zote mbili anakosa vyote. Mzazi, umewahi kujiuliza kwa nini mwanao alitembea mapema na mtoto wa jirani, kiziwi vilevile, akachelewa? Mara nyingi sababu ni hii: jeni ni tofauti. Hitilafu ya GJB2, ambayo katika jamii nyingi duniani ndiyo sababu kuu ya uziwi wa kurithi, kwa kawaida huacha msawazo ukiwa mzima au karibu mzima. Usher wa aina ya pili huuacha vilevile. Usher wa aina ya kwanza hauuachi. Hitilafu ya CHD7, inayoleta ugonjwa uitwao CHARGE, mara nyingi huzuia mifereji isijengeke kabisa. Na ipo ya watu wazima: COCH, ambayo hula kusikia na msawazo pole pole kuanzia utu uzima, hata mtu akadhani amezeeka kabla ya wakati.

Wazazi, tulieni kidogo kwenye Usher wa aina ya kwanza, kwa sababu hapa kuchelewa kunagharimu. Mtoto huzaliwa kiziwi sana. Anakaa kwa kuchelewa, anatembea baada ya miezi 18. Watu wanasema ni mvivu, au ni mzito, au ubongo una tatizo. Kisha, kwa kawaida kabla ya kubalehe, anaanza kushindwa kuona gizani, na uwanja wake wa kuona unaanza kupungua kutoka pembeni, kwa sababu protini hizohizo zinafanya kazi katika seli za jicho. Kuchelewa kutembea ndiyo dalili iliyotangulia, miaka mingi kabla ya macho. Kila mtoto kiziwi aliyetembea baada ya miezi 18 apimwe macho na mtaalamu wa retina, na apimwe jeni ikiwezekana. Kila mmoja, bila kusubiri alalamike.

Urithi wake ni huu: baba na mama kila mmoja amebeba nakala moja mbovu bila kuugua, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mbovu zote mbili. Hakuna aliyelaaniwa. Hakuna wa kulaumiwa.

Upimaji wa msawazo hauhitaji mashine za kutisha. Muulize mama: mtoto alikaa bila kushikwa akiwa na miezi mingapi? Ikizidi 9, andika. Alitembea peke yake lini? Ikizidi 18, andika. Mtoto wa umri wa shule asimame kwa mguu mmoja akiwa amefumba macho, wewe ukiwa umekaribia kumdaka. Asipofikisha sekunde 4 baada ya kujaribu mara kadhaa, apelekwe kupimwa zaidi. Kwa aliyezoezwa kuna kipimo cha msukumo wa kichwa: mtoto akazie macho pua yako, shika kichwa chake kwa mikono miwili, kisha kizungushe ghafla kwa nyuzi 10 hadi 20 tu upande mmoja. Macho yakibaki puani, mfereji wa upande huo unafanya kazi. Yakienda na kichwa kisha yakaruka kurudi puani, haufanyi. Usikifanye kwa mwenye tatizo la shingo. Hospitalini watatumia maji ya nyuzi 30 na 44 za Selsiasi masikioni. Njia hiyo inatokana na kazi ya Robert Bárány, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi. Ngoma ya sikio ikaguliwe kwanza. Ikiwa imetoboka, maji hayaingizwi.

Na kama mtoto anaandaliwa kupandikizwa kifaa cha kusikia ndani ya sikio, msawazo upimwe masikio yote mawili kabla ya upasuaji. Upasuaji unaweza kupunguza msawazo wa upande unaofanyiwa. Ikiwa upande mmoja tu ndio mzima, daktari anapaswa kulijua hilo kabla hajachagua upande.

Mtaniuliza juu ya tiba ya jeni. Mwaka 2017 panya wenye hitilafu ya Ush1c, inayoleta aina ya kwanza ya Usher kwa binadamu, walitiwa jeni nzima ndani ya sikio kwa kutumia kirusi kisicho na madhara. Wakasikia, na wakaacha kuzungukazunguka. Ni kazi ya kutia moyo kweli. Lakini panya hao walidungwa mara tu walipozaliwa. Waliodungwa siku ya 10 na kuendelea hawakupona. Sikio la panya hukomaa baada ya kuzaliwa. Sikio la mtoto wako lilikomaa tumboni. Anayewauzia leo sindano ya kurudisha msawazo wa kurithi anawadanganya.

Kilichopo leo ni mazoezi, nayo yanafanya kazi, kwa sababu ubongo una mashahidi wengine wawili: macho, na nyayo pamoja na viungo. Dakika chache kila siku, kwa miezi, si wiki. Asimame juu ya godoro, atembee kwenye mstari, akazie macho herufi huku anageuza kichwa kushoto na kulia, kwanza pole pole kisha haraka. Kwa mtoto mwenye Usher msimtegemeze kwenye macho peke yake. Mzoezeni sana nyayo, atembee pekupeku kwenye sakafu za aina mbalimbali, maana macho yatapungua. Nyumbani, taa ya njia ya chooni ibaki inawaka usiku kucha.

La mwisho ni maji. Asiyekuwa na msawazo wa sikio, akizama kichwa mahali penye giza au maji ya tope, hana wa kumwambia juu ni wapi: macho hayaoni, na nyayo hazigusi kitu. Anaweza kuogelea kwa nguvu zake zote kuelekea chini. William James aliwauliza viziwi juu ya jambo hilo pia, na baadhi walieleza jinsi walivyopotelewa na mwelekeo chini ya maji. Afundishwe kuogelea, ndiyo, lakini katika maji angavu, mchana, yasiyozidi kifua chake, na mtu mzima awe umbali wa kumfikia kwa mkono. Afundishwe pia kutoa pumzi kidogo na kufuata mapovu kwa macho na kwa ngozi ya uso, kwa sababu mapovu hupanda juu. Na walimu wa michezo waambiwe kwa maandishi, jina la mtoto likiwa juu ya karatasi, kabla ya siku ya kwanza ya kuogelea.